Mgongo wa Baba Mkwe

Kazi yangu ni kurusha droni. Nalisema mapema kwa sababu hapa Mbeya watu wakisikia mwanamke ni mpiga picha hudhani ana kibanda cha picha za pasipoti karibu na stendi. Mimi hurusha. Nimepiga kutoka juu harusi, sherehe za kuaga mabinti, misiba ya watu wenye uwezo na ng'ombe wa mahari waliosimamishwa mstari kama wanafunzi wanaosubiri uji. Huko juu nimegundua kwamba mabwana harusi wengi wana upara unaoanza utosini bila wao kujua. Hilo siwaambii mpaka nimelipwa.

Jumapili moja baada ya ibada wifi yangu mkubwa alikuja kwetu, mtaa wa Soweto. Ni mzaliwa wa kwanza wa upande wa mume wangu, mwalimu mkuu mstaafu, na mpaka leo akisema jambo sebuleni utadhani yuko mbele ya mlingoti wa bendera shuleni. Hakukaa. Alitangaza kwamba familia imekaa na kuamua kuuza ufukwe wa baba.

Ufukwe huo uko Ziwa Nyasa, mbele ya Matema, pale ambapo gari hukata tamaa na wewe unaendelea kwa miguu, maji upande huu na milima upande ule. Baba mkwe anaishi hapo tangu kuzaliwa, na tangu mama mkwe alipotangulia anaishi peke yake na mikakao yake, migomba yake na ng'ombe mmoja mwenye kiburi. Na aliposema familia imekaa, wifi hakumaanisha kwamba watu walikaa. Alimaanisha kundi lao la WhatsApp, ambalo nami nimo ingawa siulizwi. Baba mkwe hamo kwenye kundi kwa sababu simu yake ni ya vitufe. Walimtaarifu kwa mdomo baadaye, hakujibu, na kimya chake kikaandikwa kwenye kundi kuwa ni kibali, kikapigiwa makofi ya njano.

Mteja alikuwa ameshapatikana, mkubwa mmoja wa Iringa mwenye mashine za kupasua mbao Mafinga, ambaye alichoka kuona misonobari na sasa alitaka kuona maji. Alitaka sehemu ya mbali isiyo na mtu. Kabla ya kuisafiria alitaka kuiona kwa picha za juu, na mwenye droni katika ukoo ni mimi. Baba, wifi alimalizia, atahamia hapa kwenu, kwenye kile chumba cha nyuma unachochajia betri zako.

Nilicheka. Inabidi nieleze kwa nini.

Mimi ni Mhehe, nimezaliwa Iringa. Kwetu baba mkwe anakaa na mke wa mwanawe wakazungumza habari za mahindi mpaka chai ikapoa. Mume wangu ni Mnyakyusa, na kwao kuna mila ya zamani kwamba mke wa mwana haonani na baba mkwe. Hamtazami usoni, hapishani naye njiani, hatamki jina lake. Wengi wameiacha na siku hizi wanaitania. Baba mkwe wangu hakuiacha, nami nilipoikuta nikaishika, mwanzoni kwa woga, baadaye kwa kumpenda. Naambiwa siku ya harusi yangu alikaa nyuma ya nguzo ya kanisa na kuimba kwa sauti kuliko kwaya. Tukienda kumsalimia, mtu hutangulia kupiga kelele kwamba mkwe anakuja, na yeye hutoka kwa mlango wa nyuma. Nikimkuta uani kwa bahati mbaya, hunipa mgongo na kusimama hivyo mpaka nipite. Mgongo huo naujua vizuri. Bega la kulia limeshuka kidogo, na koti la kaki limepauka pale mkanda wa begi la mbegu unapokaa.

Uso sikuwahi kuuona. Lakini kila msimu wa mavuno huleta mchele wangu, si wetu, wangu, na mkungu wa ndizi aliouchagua mwenyewe. Nilipoumwa baada ya kujifungua alituma usipa, dagaa wa ziwani, waliokaushwa, na ujumbe kupitia kwa mume wangu: mwambie mkwe ale. Katika wiki zile watu wengi waliniuliza mtoto anaendeleaje. Kuhusu mimi kula aliuliza yeye peke yake.

Kwa hiyo nilicheka kwa sababu niliifikiria korido ya nyumba yetu, ambayo watu wawili wanene hawapishani. Nilimuuliza wifi mimi na baba tutaishije humo. Alikuwa amelifikiria. Kutakuwa na ratiba. Asubuhi baba ataoga kwanza, mimi nitabaki chumbani. Nikitaka kutoka nitakohoa, yeye akitaka kutoka ataburuza ndala. Mume wangu aliangalia dari wakati wote huo. Ni mwanamume mzuri sana, ila mbele ya dada yake hugeuka mwanafunzi ambaye hajafanya kazi ya nyumbani.

Kisha likaja swali lililoitikisa familia kweli. Je, mkwe anaruhusiwa kumwona baba mkwe kwa droni? Uamuzi wa kuuza ufukwe ulipita kabla chai haijachemka, lakini hili lilijadiliwa mpaka simu zikaisha chaji. Baba mdogo, anayenunua dhahabu Makongolosi na ndiye msemaji wa mila kwa sababu ana bando kubwa, alituma ujumbe wa sauti kwamba jicho la mashine si jicho la mtu. Binamu mmoja akauliza, basi mwenye miwani naye haoni? Mwingine akauliza, baba akitokea kwenye taarifa ya habari, mkwe afumbe macho au azime televisheni? Mwishowe ikaamuliwa kwamba droni iruke, mradi baba asiwepo. Siku hiyo wifi atampeleka Kyela kupimwa macho.

Katika mjadala wote huo hakuna aliyeuliza kama mzee anataka kuuza. Niliona, na nilikasirika. Ila mke katika kundi la ukweni ana haki mbili, kusalimia na kutoa pole, na siku hiyo hakuna aliyekuwa amefiwa.

Tuliteremka mimi, mume wangu na dalali aliyemtafuta mteja. Dalali alivaa viatu vyenye ncha ndefu vilivyotangulia kufika kila mahali kabla yake, na njia nzima, tangu baridi ya Tukuyu mpaka joto la bondeni, alitufundisha lugha ya kazi yake. Barabara mbovu inaitwa faragha. Kukosa umeme kunaitwa anga la nyota. Majirani wanaitwa utamaduni, na wakiwa wengi wanaachwa nje ya picha. Mbu hawatajwi. Ziwa aliliita bahari kwa sababu mke wa mteja anapenda bahari. Nilimwambia maji yale hayana chumvi. Alifurahi kweli, akasema ataandika: bahari isiyo na chumvi.

Tulipofika, wifi, aliyetangulia siku moja kabla, alitoka kutupokea akiwa amenuna. Baba amekataa kwenda Kyela. Amesema macho yake ni mazima, hana shida. Wifi alikuwa amemketisha ndani na kumwomba asitoke mpaka wageni waondoke. Nilisikia hayo nikiwa nimesimama kwenye mikakao, ambapo ndipo mahali pangu ninapokwenda kule. Naijua mikakao ile kuliko ninavyoijua sebule ya baba mkwe.

Nikairusha. Nimeona sehemu nyingi nzuri kutoka juu, lakini ufukwe ule ulininyamazisha. Mchanga ulikuwa msafi, maji yalikuwa yakibadilika rangi kadiri yanavyokwenda mbali, na milima ilisimama nyuma yake bila kujali mauzo. Dalali alikuwa nyuma ya bega langu akisafisha nchi. Paa lile la bati litoke kwenye picha. Ng'ombe atoke. Zile nguo za kuanikwa ni za nani, zitoke. Nilimuuliza kama milima nayo ina kibali cha kubaki. Akasema milima ni sawa.

Ndipo kwenye skrini mlango wa nyumba ukafunguliwa akatoka mtu. Alikuwa amevaa koti la Jumapili. Alitembea taratibu mpaka katikati ya ufukwe, akasimama.

Nilifumba macho. Nilifanya hivyo bila kufikiri, kama mtu anavyoondoa mkono kwenye sufuria ya moto. Droni haipendi kurushwa na mtu aliyefumba macho. Dalali akapiga ukelele, "Dada, unaizamisha!" Nikavuta rimoti juu kwa kubahatisha, macho yangu yakiwa bado yamefumbwa, na kuanzia hapo kazi ya kitaalamu niliyoisomea ikawa ya kuulizana.

Nilimuuliza kama mzee yupo bado. Yupo. Anaangalia wapi? Dalali akasema ametupa mgongo.

Nikafumbua jicho moja, kisha la pili. Ulikuwa mgongo ule ule, bega la kulia limeshuka kidogo ndani ya koti la Jumapili. Niliipeleka droni upande wa mashariki. Naye akageuka polepole, mgongo ukiendelea kuielekea. Niliipeleka mpaka kwenye jiwe kubwa mwisho wa mchanga. Akaingia ndani, akatoka na kigoda, akatembea mpaka kwenye jiwe, akakaa, mgongo kwangu. Niliipeleka juu ya migomba, akaja kwenye migomba. Ufukwe mzima hakukuwa na pembe ambayo hayumo, na hakuna pembe ambayo uso wake ulionekana.

Dalali alisema mzee anaogopa kamera. Mwanamume mzima anayejiita mtaalamu wa kuona ardhi. Anayeogopa kamera hujificha ndani, na ndani alikuwa ameshawekwa tayari. Baba mkwe alijua nani ameshika rimoti. Aliipa ile mashine adabu ile ile aliyonipa mimi uani miaka yote, na wakati huohuo akakataa kutoka kwenye picha. Kusema na mimi hakuruhusiwa. Wanawe hawakumuuliza. Kwa hiyo alisimama mbele ya mtu pekee aliyekuwa akimwangalia. Nilipoelewa, nikamwambia dalali betri imeisha. Betri ilikuwa nusu.

Tuliporudi Mbeya kundi lilitazama video na kuamua haraka kama kawaida yao. Mzee afutwe. Dalali alishawaambia kwamba kwenye kompyuta mtu anafutika, na kweli anafutika, nimeshawafuta mashemeji waliolewa pombe kwenye harusi za watu. Kwa mara ya kwanza tangu niolewe niliandika kwenye kundi lile kitu kisicho salamu wala pole. Niliandika kwa unyenyekevu mkubwa kwamba ili kumfuta mtu ni lazima umkuze kwenye skrini, umzunguke kuanzia kisigino mpaka utosi, umwangalie nywele kwa nywele. Je, wazee wa mila wananiruhusu kumwangalia baba mkwe hivyo?

Baba mdogo alituma sauti ndefu ambayo nusu yake ilikuwa kusafisha koo, halafu akatoa hukumu: hapana, hilo halijapata kutokea. Nilifurahi mpaka nikakaanga maandazi ya jirani pia.

Furaha yangu haikudumu. Dalali, ambaye hana mila wala subira, alikuwa ameshamtumia mteja picha moja kama ilivyo, ile ya kigoda na jiwe. Jibu la mteja lilibandikwa kwenye kundi jioni hiyo. Ameipenda. Mke wake ameipenda zaidi, amesema sehemu hiyo ina roho. Na anauliza, huyo mzee anabaki? Kama anabaki, watamfanya mlinzi. Watamshonea sare, watampa tochi, watamjengea kibanda karibu na geti, wakishajenga geti.

Ungedhani amezaliwa mtoto. Mikono ya kushukuru ilijaa kwenye skrini. Wifi aliandika kwamba Mungu ni mwema, katika umri ule baba amepata ajira. Ratiba ya korido ikafutwa rasmi na betri zangu zikabaki na chumba chao. Mume wangu alinisomea ujumbe ule kwa sauti, akafika kwenye neno sare akakwama, akatoka nje. Nilimkuta bombani akiosha pikipiki iliyokuwa safi. Nilimwambia aseme kitu. Akasema atasema nini, wameshakubaliana. Nilimhurumia na nilitaka kummwagia ndoo nzima ya maji.

Mteja alibakiza ombi moja dogo. Mke wake alitaka picha ya mlinzi akiwa ameelekea kamera, anatabasamu. Kwa hiyo nikatumwa tena.

Safari hii hakuna aliyejadili mila. Nilipouliza, niliambiwa nirushe tu, nisiangalie sana. Wifi alikuwa amemweleza baba mambo yote, ajira, sare, kibanda, na akasema baba alisikiliza vizuri na kuuliza swali moja tu, nani atakayepiga picha. Alipoambiwa ni mkwe wake, akasema aje.

Nilisimama kwenye mikakao. Wifi, mume wangu na dalali walisimama mchangani. Nilishusha droni karibu na maji. Mzee alikuwa pale na koti lake la Jumapili, mgongo kwetu sote.

Dalali alimwambia ageuke. Wifi naye, kwa ile sauti ya mlingoti, akasema, baba, geuka kidogo tu. Akageuka. Nilijua kwa sababu dalali alisema safi sana, sasa tabasamu mzee. Mimi nilikuwa naangalia viatu vyangu.

Kisha nikasikia sauti niliyoizoea kwa kukohoa na kwa kupita ukutani.

"Mama uliyeko kwenye mikakao. Niangalie."

Wifi alisema baba, haifai, siyo mila. Mzee alimjibu bila kumgeukia.

"Mila ni yangu na huyu. Nimesema aniangalie."

Sikuangalia skrini. Niliiacha droni ikielea peke yake, nikatoka kwenye mikakao, nikatembea mchangani mpaka mbele yake, na nikamwangalia. Alikuwa na masikio ya mume wangu. Upande mmoja wa kidevu wembe ulikuwa umeruka. Jicho la kushoto lilikuwa limefunikwa na ukungu mweupe kabisa, na hata lile la kulia alilazimika kulikaza ili anipate. Mzee yule alikuwa haoni vizuri. Alinitafuta usoni kwa muda, kisha akatikisa kichwa kidogo kwa kukubali, kama mtu aliyeletewa kitu alichokuwa amekiagiza.

"Ndaga," akasema, akinishukuru kwa Kinyakyusa. "Wanangu wamekuja na mashine kuangalia kama hapa hakuna mtu. Wewe umeangalia mara mbili. Nipo, sipo?"

"Upo, baba."

"Nimeuza?"

"Hujauza, baba."

"Basi waandikie. Huko wanakokaa."

Nikatoa simu. Nikaandika kwenye kundi: Baba yupo. Hajauza. Amesema mwenyewe. Pale mtandao ni wa kubahatisha, hivyo nikainua simu juu ya kichwa, na alama ile ya kutuma ikazunguka, ikazunguka. Baba mkwe alisimama kando yangu, akinyoosha shingo kuelekea mkono wangu kana kwamba angeweza kuona. Dalali alikuwa akinung'unika kuhusu droni. Mume wangu alikuja akasimama upande wa pili wa baba yake, akamshika kiwiko.

"Imefika?" mzee akauliza.

"Bado, baba."

"Tutangoja."

Tukangoja, watatu, tukiangalia simu. Ilipoondoka, mlio ulisikika papo hapo, hatua chache kutoka tulipokuwa, ndani ya mkoba wa wifi. Alikuwa amesimama pale muda wote na amesikia kila neno kwa masikio yake. Alifungua mkoba, akatoa simu, akavaa miwani, akasoma. Halafu akakaa chini kwenye mchanga na gauni lake zuri, na simu ikaendelea kulia mkononi mwake, nduguze mmoja baada ya mwingine wakiuliza baba amesema nini.